Kutoka jimnastiki ya chuo hadi marathoni: ugoko unauma, hedhi imekata, nianzie wapi?

"Shikamoo kocha. Nina miaka 24, nimezaliwa Minnesota kwa wazazi wa Kitanzania. Nilianza jimnastiki nikiwa na miaka sita, na chuoni nilishindana miaka minne kwenye ligi ya NCAA, zaidi kwenye sakafu na meza ya kuruka. Nilipomaliza nikahamia kwenye kukimbia, huu ni mwaka wa pili. Kilomita 5 nimekimbia kwa dakika 19:40, nusu marathoni kwa saa 1:36. Ndoto yangu ni saa 2:37, muda uliotakiwa kwa wanawake kuingia majaribio ya marathoni ya Olimpiki ya Marekani mwaka 2024. Nina urefu wa sentimita 157 na kilo 53. Kiongozi wa kikundi chetu anasema nishuke hadi 47, kwa kuwa mapaja na mabega yangu ni ya jimnastiki. Nakula kama kalori 1,700 kwa siku. Ndani ya wiki sita nimepanda kutoka kilomita 30 hadi 65 kwa wiki, na mbio zangu nyepesi ni dakika 4:50 kwa kilomita. Sasa ugoko wa kushoto unauma upande wa ndani, nikibonyeza kwa kidole napapata penyewe. Hedhi sijaiona miezi mitano, lakini hata wakati wa jimnastiki ilikuwa ikipotea, sikushtuka. Uzito haujashuka, kwa hiyo nadhani nakula vya kutosha. Nimejiandikisha marathoni ya Chicago, imebaki miezi mitano. Mama anatoka Mbulu, anasema mbio ziko damuni. Je, mwili uliojengwa na jimnastiki unaweza kugeuka? Nianzie wapi?"

Marahaba, binti. Swali ulilolipa uzito ni la mwisho, na nitalifikia. Jibu lake si baya. Ila katikati ya barua kuna mambo mawili uliyoyapita mbio mbio: ugoko unaouma mahali pa kidole kimoja, na hedhi ya miezi mitano. Hayo mawili yanakwenda pamoja, na ndiyo yatakayoamua kama utakuwa na mwaka wa tatu wa kukimbia. Kwa hiyo kuanzia leo usikimbie mpaka mguu huo upimwe. Sisemi upunguze. Nasema usimame.

Wakimbiaji wengi wapya huumwa ugoko, na mara nyingi ni utando wa juu ya mfupa pamoja na misuli iliyoshikana nao vinavyolalamika. Maumivu ya aina hiyo hutanda, sentimita tano au zaidi kando ya ukingo wa ndani wa mfupa, na huwa makali mwanzo wa mazoezi kisha hupoa mwili ukishapata joto. Mfupa ulioanza kupata ufa una tabia nyingine: unauma mahali panapofunikwa na ncha ya kidole, unazidi kadiri unavyokimbia, na baadaye unauma hata ukiwa kitandani. Ulichoeleza kinaelekea huku kwa pili. Usijipime kwa kurukaruka kwa mguu mmoja kila asubuhi kuona kama umepona. Kila jaribio ni pigo lingine juu ya ufa. Ukipigwa eksirei ikatoka safi, usiichukulie kuwa ruhusa, kwa sababu wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Kipimo kinachoonyesha mapema ni MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Na kwa siku za mbele ukumbuke hili: maumivu ya mbele kabisa ya ugoko, ya juu ya unyayo karibu na kifundo, au ya ndani ya kinena wakati wa kukanyaga, hayo hayasubiri miadi ya wiki ijayo. Ufa wa shingo ya mfupa wa paja ukiachiwa ukakatika, dawa yake ni upasuaji.

Kwa nini mfupa umeuma sasa? Mfupa hai hujibomoa na kujijenga wakati wote. Ukiuongezea kazi, seli za kubomoa ndizo zinazoanza, kama fundi anayechimbua plasta iliyopasuka kabla ya kupiga mpya. Kuchimbua huchukua wiki tatu hivi. Kujaza huchukua miezi mitatu au zaidi. Katikati ya hapo mfupa una matundu mengi kuliko kabla hujaanza, hata kama wewe unajisikia imara na mapafu yamefunguka. Ndiyo maana nyufa hupenda kujitokeza mwezi wa kwanza na wa pili baada ya mtu kuongeza kilomita. Kutoka 30 hadi 65 ndani ya wiki sita umeingia katika dirisha hilo hilo.

Pengine uliwahi kuambiwa kwamba wanajimnastiki wana mifupa mizito kuliko wanamichezo wengi, wakimbiaji wakiwemo. Ni kweli, na utafiti umeonyesha hivyo hata kwa wale ambao hedhi zao haziendi sawa. Kutua kutoka juu kunaweza kuupa mguu mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kumi, kutoka pande zote, na mfupa hupenda mizigo ya namna hiyo: mikubwa, michache, isiyotabirika. Kukimbia ni kinyume chake. Ukipiga hatua 170 kwa dakika, saa moja ni hatua 10,200, na 5,100 kati yake zinatua mguu wa kushoto, kwa mwelekeo ule ule. Akiba yako ya mfupa ni ya kweli na itakusaidia miaka mingi, ila haizuii uchovu wa marudio. Na akiba hiyo inalindwa na homoni ambayo kwa sasa huna ya kutosha.

Sasa hedhi. Umezoea kuiona ikipotea, na katika jimnastiki wengi huizoea, wengine hata huichukulia kuwa alama ya kujituma. Hapana. Ubongo hupima nishati inayobaki baada ya mazoezi. Ukiona haitoshi, sehemu yake iitwayo haipothalamasi hupunguza mapigo ya homoni yanayoamsha ovari, estrojeni hushuka, na bila estrojeni seli za kubomoa mfupa hukosa breki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliiandikia hali hii mwongozo mwaka 2014, ikauboresha 2018 na 2023, kwa sababu haikomei kwenye hedhi na mifupa. Inagusa kinga ya mwili, usingizi, hamu ya kula, moyo na uwezo wenyewe wa kunufaika na mazoezi.

Tufanye hesabu kwa namba zako. Chukulia mafuta ni asilimia 19 ya uzito wako, kadirio tu mpaka upimwe. Mwili usio mafuta unabaki kilo 43 hivi. Kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Kilomita 65 kwa wiki ni wastani wa 9.3 kwa siku, sawa na kalori 490. Ondoa 490 kwenye 1,700, gawa kwa 43: unapata kalori 28 kwa kila kilo ya mwili usio mafuta. Mwili wa mwanamke huendesha shughuli zake vizuri ukipata karibu 45, na chini ya 30 ndipo matatizo hukaribishwa kwa wengi. Siku unayokimbia kilomita 20 unabaki na 15. Kwa mazoezi hayo ulihitaji wastani wa kalori 2,400 kwa siku, na karibu 3,000 siku ya mbio ndefu.

"Mbona sipungui uzito?" Kwa sababu mwili unaonyimwa haukubali tu kuliwa. Hushusha homoni ya tezi la shingo, hupunguza joto, huahirisha ukarabati, huzima uzazi. Matumizi hushuka mpaka yalingane na kidogo unachoingiza, na mizani inasimama pale pale. Uzito usiobadilika unaonyesha kuwa mapato na matumizi yamelingana. Hauonyeshi kuwa yamelingana mahali salama.

Hapo utaona kwa nini ushauri wa kushuka hadi kilo 47 unanitia wasiwasi. Sitakudanganya kwamba uzito hauna gharama kwenye marathoni. Kila kilo unaibeba kilomita 42. Lakini mafuta yote mwilini mwako, kwa kadirio letu, ni kilo kumi, na sehemu kubwa ya hayo mwanamke hawezi kuishi salama bila hayo. Kilo sita zingetoka kwa kula misuli na mfupa. Misuli ya mabega na mgongo itapungua yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili kwa kuwa hujiningʼinizi tena kwenye pau, bila wewe kujinyima kijiko. Mapaja ndiyo yanayokusukuma mbele. Mtu anayetoa namba ya kilo kwa kutazama umbo la mtu, bila kumuuliza hedhi wala kumpima damu, usimpe mamlaka juu ya sahani yako, hata kama ni mkimbiaji mzuri.

Hatua ya kwanza basi ni kliniki, na nenda na haya yameandikwa: tarehe ya hedhi ya mwisho, umri ulipovunja ungo, majeraha ya mifupa uliyowahi kupata, dawa unazotumia, na kilomita za kila wiki kwa miezi mitatu. Mtafute daktari wa tiba ya michezo. Vyuo vikuu vingi vya Marekani vina kliniki hizo na hazihudumii wanafunzi tu. Usiifasiri hedhi iliyopotea kuwa njaa kabla mengine hayajaondolewa: ujauzito, tezi la shingo, prolaktini (homoni ya maziwa), ovari zenye vifuko vingi. Vipimo vya kuomba ni hivyo pamoja na estradioli (estrojeni kuu ya mwili), FSH na LH (homoni zinazoamsha ovari), hemoglobini, feritini (akiba ya chuma), vitamini D, na kipimo cha DXA cha uzito wa mifupa. Majibu ya DXA yasomwe kwa kukumbuka ulikotoka. Kwa mtu aliyefanya jimnastiki kwa miaka 16, mfupa wa "wastani" unaweza kuwa mfupa ulioshuka.

Ukipewa vidonge vya uzazi wa mpango ili tu "hedhi irudi", uliza maswali. Damu utaiona, lakini ni damu ya kidonge. Haionyeshi kwamba ubongo umeridhika, na haijathibitika kulinda mifupa katika hali kama yako. Tiba ya kwanza ni chakula. Kama miezi sita hadi kumi na mbili ya kula vizuri haitatosha, kuna estrojeni ya kubandika kwenye ngozi ambayo daktari anaweza kuifikiria kwa muda. Ukihitaji kidonge kwa sababu zake za kawaida, hilo ni jambo jingine, ila ujue kitaficha dalili unayotaka kuifuatilia.

Chakula chenyewe usikifanye kuwa somo gumu. Anza kwa kuongeza kalori 300 hadi 500 kila siku, na usizipunguze kwa sababu hukimbii. Mfupa unaopona unakula. Ndizi moja, glasi ya maziwa yasiyoondolewa mafuta na vijiko viwili vya siagi ya karanga ni karibu 445. Usifanye mazoezi ya asubuhi na tumbo tupu, hata kama wenzako wanasema ndivyo mafuta yanavyoungua. Ukirudi kukimbia, wanga uwe gramu 5 hadi 7 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani 265 hadi 370, na hapo ugali, wali na viazi vitamu vya nyumbani kwa mama vinafanya kazi kuliko unga wowote wa kopo. Protini gramu 85 hadi 100 zinatosha, zikigawanywa kwenye milo minne. Kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,300. Kuhusu chuma, feritini ikiwa chini ya 30 zungumza na daktari juu ya vidonge, na kwa vyovyote chai iache mbali na mlo kwa saa moja au zaidi, maana tanini zake hushika chuma cha maharage na mboga kisifyonzwe. Najua kwa nyumba ya Kitanzania hilo ni ombi zito. Hedhi inaweza kuchukua miezi mitatu, sita, au zaidi kurudi. Hamu ya kula na usingizi mara nyingi hutangulia.

Na kama kula zaidi kunakutia hofu, kama unahesabu kila tonge au unajificha kula, mwambie daktari kwa maneno hayo hayo. Michezo inayotolewa alama mbele ya waamuzi, ukiwa umevaa nguo ya kubana mwili mzima, huwaacha wengi na hofu hiyo. Anayeisaidia vizuri ni mtaalamu wa lishe ya michezo akishirikiana na mwanasaikolojia. Wala si udhaifu.

Sasa nije kwenye ulichouliza. Tazama namba zako mbili. Kwa kanuni ya kawaida ya kukadiria muda, ile ya kipeo cha 1.06 (umbali ukiongezeka mara mbili, muda huongezeka zaidi kidogo ya mara mbili), mtu wa 19:40 kwa kilomita 5 anapaswa kukimbia nusu marathoni kwa saa 1:30 na nusu dakika. Wewe umekimbia 1:36. Pengo hilo la dakika tano na nusu ndipo jimnastiki yako inapoonekana.

Zoezi la sakafuni halizidi sekunde 90. Mbio za kuelekea meza ya kuruka haziruhusiwi kuzidi mita 25. Kwa miaka kumi na sita misuli yako imejifunza kutoa nguvu ghafla kutokana na akiba iliyomo ndani ya nyuzi, fosfokreatini kwa sekunde kumi za mwanzo, kisha sukari inayovunjwa bila kusubiri oksijeni. Marathoni ni zaidi ya asilimia 95 kazi ya oksijeni. Inataka moyo unaosukuma damu nyingi kwa pigo moja, mishipa midogo mingi kuzunguka kila uzi wa msuli, na mitokondria, vinu vidogo vya nishati, tele ndani yake. Wanajimnastiki wakipimwa uwezo wa juu wa kutumia oksijeni hupata karibu 45 hadi 50, kwa mililita kwa kilo kwa dakika. Wanawake wa daraja la juu wa mbio ndefu huzidi 65. Sehemu ya tofauti hiyo ni maumbile, sehemu ni mazoezi ambayo hukuwahi kuyafanya, na leo hakuna anayeweza kukuambia kwa uaminifu ni kiasi gani cha kila moja.

Kinachobadilika kina ratiba yake. Maji ya damu huongezeka ndani ya wiki mbili, ndiyo maana mwezi wa kwanza mtu hujiona bingwa. Mitokondria huongezeka vizuri kati ya wiki sita na nane, kisha polepole kwa miaka. Mishipa midogo na ukubwa wa vyumba vya moyo ni suala la miezi na miaka. Kano huchukua miezi, mfupa tumeshausema. Kuhusu nyuzi za misuli, zile za kasi kabisa hugeuka kwa urahisi kuwa za kasi zenye ustahimilivu. Kugeuka kuwa za polepole hasa ni kugumu na kuna kikomo. Ona jinsi mapafu na damu vinavyotangulia mifupa. Mkimbiaji mpya mwenye nidhamu ya jimnastiki ndiye anayeumia kirahisi, kwa sababu anaweza kuvumilia mazoezi ambayo mifupa yake haijayakubali, na amefundishwa kutosema.

Una mali usiyoihesabu, hata hivyo. Kano ngumu zinazorudisha nguvu kila hatua, jambo ambalo wakimbiaji wengine hulitafuta kwa mazoezi ya kuruka. Kiwiliwili kisichoyumba. Hisia ya mahali kiungo kilipo, ambayo kocha hawezi kumfundisha mtu wa miaka 24. Na umri haujakuacha. Priscilla Welch wa Uingereza alianza kukimbia katika miaka yake ya thelathini, akawa wa sita kwenye marathoni ya Olimpiki ya 1984 na akakimbia 2:26:51 London mwaka 1987 akiwa na miaka 42. Mshindi wa marathoni hiyo ya 1984, Joan Benoit, aliingia kwenye kukimbia baada ya kuvunjika mguu katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa ski. Lakini tusiipambe hadithi: njia iliyozoeleka ya mwanajimnastiki kwenye riadha ni kuruka kwa upondo, kama Yelena Isinbayeva aliyeacha jimnastiki akiwa na miaka 15. Kwenda marathoni ni kupanda mlima upande usio na njia.

Na Mbulu? Mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari ametoka huko, na Filbert Bayi wa mita 1,500 alitoka Karatu, jirani tu, kwa hiyo mama ana haki ya kujivuna. Ila kinachoonekana kuwa damu kwa sehemu kubwa ni utoto wa kwenye nyanda za juu, kutembea na kukimbia kila siku, na kijiji chenye watu wa kukufundisha. Wewe umekulia ndani ya ukumbi wa Minnesota. Inawezekana umerithi vigimbi vyembamba au moyo mkubwa, na utavigundua kwa kufanya mazoezi, si kwa kuvitegemea.

Saa 2:37 inataka nini? Dakika 3:43 kwa kila kilomita, mara 42. Kwa kanuni ile ile, ni sawa na kilomita 5 kwa dakika 16:22, kilomita 10 kwa 34:08 na nusu marathoni kwa 1:15. Unahitaji kuondoa zaidi ya dakika tatu kwenye kilomita 5. Kwa hiyo kazi yako ya miaka miwili ijayo si marathoni. Ni kilomita 5 na 10, na mbio nyingi za taratibu chini yake.

Wakati mguu unapona hujafungiwa. Daktari akiruhusu, na bila maumivu yoyote, kimbia ndani ya maji ya kina ukiwa na mkanda wa kuelea, au endesha baiskeli, dakika 45 hadi 60, mara nne au tano kwa wiki. Moyo haujui kama uko barabarani au bwawani. Unajengeka bila kuupiga mfupa. Ufa mdogo wa upande wa ndani wa ugoko mara nyingi huhitaji wiki nne hadi nane bila kukimbia, mkubwa zaidi ya hapo. Utaanza tena pale utakapotembea dakika 45 bila maumivu, kubonyeza hakuumi, na mtaalamu wa viungo amekujaribu kuruka kwa mguu mmoja ukawa sawa. Anza siku moja ndiyo moja hapana, kimbia dakika moja, tembea mbili, mara kumi. Kila zoezi la pili ongeza dakika ya kukimbia kama siku iliyofuata mguu ulikuwa kimya. Maumivu yakirudi mahali pale pale, unarudi hatua mbili nyuma bila kujadiliana na nafsi.

Ukishafika dakika 30 mfululizo, panga siku tano au sita za mbio fupi badala ya siku tatu ndefu. Ongeza kilomita tano kwa wiki kwa wiki tatu, ya nne punguza robo. Mbio moja isizidi kwa zaidi ya asilimia kumi ile ndefu kuliko zote uliyokimbia mwezi uliopita. Kuruka ghafla kwa siku moja huumiza kuliko jumla ya wiki. Lengo la mwaka wa kwanza ni kilomita 60 hadi 70 zilizokaa, si zilizoguswa mara moja. Wanawake wanaokimbia saa 2:37 kwa kawaida hufanya 110 hadi 160 kwa wiki, lakini wamefika huko kwa ngazi za miaka.

Mbio zako nyepesi za 4:50 si nyepesi. Kwa uwezo wako wa sasa ziwe 5:20 hadi 6:00, ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Nadhani hili ndilo litakalokushinda zaidi ya yote. Jimnastiki ya vyuo bado inatoa alama kwa kumi, kila zoezi linafanywa kwa ukamilifu au halifanywi, na mbio za taratibu zitakuonekania uvivu. Asilimia themanini ya muda wako iwe humo. Kwa wiki mara moja fanya dakika sita mara nne kwa 4:20 hadi 4:25, ukipumzika dakika moja katikati. Hiyo ndiyo kazi itakayofunga lile pengo la dakika tano. Mara mbili kwa wiki malizia kwa mbio sita za sekunde 15 kwenye kilima kidogo, ili ile kasi usiipoteze. Mazoezi makali ya uwanjani ya mita 400 yaache kwanza. Utayaweza, utafurahia, na hayatakufundisha unachokosa.

Nguvu zifanyiwe kazi mara mbili kwa wiki, dakika 35. Kuchuchumaa na uzito, kunyanyua kutoka chini, na kupanda kwa vidole mguu mmoja mmoja seti tatu za 12, goti likiwa limenyooka kisha limekunjwa, kwa ajili ya kano ya kisigino ambayo jimnastiki huichosha. Daktari akisharuhusu, rudisha kuruka kidogo kwa pande zote, mara 20 seti tatu. Mfupa wako umelelewa kwa chakula hicho. Kunyoosha viungo punguza. Wakimbiaji wenye viungo vilivyolegea sana mara nyingi hutumia oksijeni zaidi kwa kasi ile ile, na wewe huhitaji kupiga msamba kukimbia. Pima tu kifundo cha mguu: piga goti uelekee ukutani bila kisigino kuinuka, dole gumba likiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Usipofika, au ukitofautiana sana kushoto na kulia, hapo huenda pana kovu la kutua vibaya, na mtaalamu wa viungo apaone.

Kuna mbio moja ningependa uijaribu mwaka wa pili: mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Vizuizi 28 vya sentimita 76.2 na madimbwi saba. Mtu anayejua kutembea juu ya boriti ya sentimita kumi hapotezi sekunde akipima hatua. Inaweza kukupa kiwango cha juu mapema kuliko marathoni, na inakuacha ukijenga injini ile ile. Sitarajii uipende kuliko Chicago, lakini ifikirie.

Je, utafika? Ukiwa na afya, mwaka mmoja wa kazi ya mfululizo unaweza kukupeleka karibu na 18:30 na nusu marathoni ya 1:25. Ikipita miaka mitatu ya kilomita 80 hadi 100 bila jeraha na kilomita 5 bado ni juu ya 17:45, basi 2:37 ina uwezekano mdogo, na saa 2:50 itakuwa mafanikio makubwa unayopaswa kuyafurahia. Ikishuka chini ya 17:00, tafuta kocha wa mbio ndefu wa wakati wote, na muulize kabla ya yote jinsi anavyofuatilia hedhi na majeraha ya wanariadha wake. Akikwepa swali, endelea kutafuta.

Chicago ya mwaka huu iache. Hata MRI ikitoka safi, miezi mitano haitoshi kurudisha hedhi, kujaza mfupa na kujenga mbio ndefu za kilomita 30. Soma masharti ya kuahirisha kwenye usajili wako kabla muda wake haujapita, kisha upige simu kliniki kuomba miadi. Ukiulizwa tatizo, sema "maumivu ya mfupa mahali pamoja na hedhi imekata miezi mitano". Maneno hayo mawili yakisemwa pamoja, husogeza miadi mbele.